Bibi Harusi wa Sura ya Saba

Katibu muhtasi wa idara alipanga chupa za maji mezani, moja mbele ya kila mtahini, lebo zikitazama mlangoni. Ndivyo alivyofanya kwenye kila utetezi wa tasnifu. Maji yalitolewa na kiwanda kilichojenga ukumbi huo, na idara haikuwa na mazoea ya kukataa cha bure.

Mwanafunzi wa uzamili alisimama mbele yao. Mama yake alikuwa nje kwenye benchi, na kazi ya ualimu aliyoahidiwa ilikuwa inangoja cheti tu. Tasnifu yake ilihusu mto uliomo katika riwaya ambayo idara ilikuwa imeifundisha tangu enzi na enzi. Katika sura ya saba ya riwaya hiyo, bibi harusi anajitosa mtoni afe. Profesa mwenyekiti wa jopo alikuwa amejijengea jina kwa kukifafanua kifo kile. Wanafunzi walimwita Mzee Ishara, kwa kuwa kwake hata mhusika akipiga chafya, ni ishara.

"Mto ni mandhari tu, binti yangu," alisema. "Sisi tunahakiki watu."

"Samahani, Profesa. Huo mto unapungua."

Akaeleza. Tangu kiwanda kiugeuzie mto wa kwao kwenye matangi yake, mto wa riwayani nao ulikuwa unashuka, katika kila nakala. Alipoisoma sekondari, maji yalimfika bibi harusi kidevuni. Alipoanza uzamili, kiunoni. Sasa yalimlowesha vidole vya miguu tu. Hakuna aliyegundua, maana ukurasa ule wote waliusoma kwa ajili ya moyo wa bibi harusi.

Mtahini wa nje alifungua nakala yake, akasoma, akakubali. "Kwetu siku hizi ndiyo habari ya mjini," alisema. "Kila mhakiki anauliza mito na misitu ya vitabuni imepatwa na nini."

"Sasa bibi harusi anakufaje?" aliuliza Mzee Ishara, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Hafi, Profesa."

Hodi ikabishwa. Bibi harusi aliingia, shela limejaa vumbi, akasalimia, akaomba maji. Katibu muhtasi alimvutia kiti. Bibi harusi alimaliza chupa ya mtahini wa nje, kisha ya Mzee Ishara.

Watahini walishauriana palepale. Mwanafunzi amefaulu, ila sura ya tasnifu inayokitaja kiwanda itolewe.

"Ndiyo sura yako nzuri kuliko zote," alisema Mzee Ishara kwa upole. "Itoe, binti yangu, uende kazini."

Mwanafunzi alimfikiria mama yake pale nje. Alijibu kwamba ameelewa, kisha akalia huku akikusanya karatasi zake, wala hakujificha. Mto ule wa kwao aliuogelea utotoni, na sura ile ndiyo iliyomfanya aandike zote nyingine.

Bibi harusi alikuwa anaigeuzageuza chupa tupu. Kwenye lebo palichorwa mto mpana wa buluu, wenye kona na jiwe kubwa.

"Hapa napajua," alisema. "Ndipo nilipokuwa nazama."

Mzee Ishara alivaa miwani, akatazama, akasema kweli, ndipo. Kisha akamfungulia chupa nyingine.