Chonge za Mama Igihozo

Kufikia saa nne asubuhi Libérata alikuwa hajauza hata kopo moja. Sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, zilizometameta kama sindano zilipotoka kwenye mitumbwi alfajiri sasa zilikuwa zimeanza kupoteza rangi, na nzi walishalijua hilo. Alizinyunyizia maji ya ziwa kwa kiganja, akasogeza mwavuli ili kivuli kilifuate beseni. Hatua tatu kutoka kwake, Nyiramana alikuwa akimfungia mteja mwingine mfuko.

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliinama juu ya beseni la Libérata. Ilionekana amezipenda. Alinyoosha kidole aziguse, halafu akainua macho, akamwona muuzaji, na kidole kikarudi.

"Pardon, mama," alisema, akahamia kwa Nyiramana.

"Ni zile zile," Nyiramana alimwambia. "Zimetoka mu mutumbwi moja."

"Najua. Lakini huyu mutoto wangu analala vibaya."

Hakuisema kwa kunong'ona. Libérata aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umeshapanda na kuufunika mdomo. Hakuwa amecheka, wala hakuwa amesema neno. Siku hizi mkono ulipanda wenyewe.

Alikuwa na chonge mbili ndefu juu, kushoto na kulia, zilizoota mbele ya meno mengine na kuuinua mdomo. Tangu alipokuwa msichana kule Masisi alijifunza kucheka ndani ya kiganja. Siku ya ndoa yake alicheka ndani ya kiganja. Marehemu mumewe aliwahi kumwambia kwamba wangeweza kuzeeka pamoja bila yeye kuyaona meno ya mkewe vizuri, naye akalichekea hilo pia ndani ya kiganja. Watu wa Rubona, upande huu wa Rwanda, walimzoea. Walinunua sambaza zake, wakaondoka.

Kisha, mwaka uliopita, Callixte, kiongozi wa mtaa, alikuja nyumbani kwake na kijana kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, aliyejulikana kwa jina la Jack. Callixte alirudi Rwanda kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama barua ya ofisi. Alisema wanatengeneza filamu ya afya ya meno kwa ajili ya wananchi. Daktari angefuata baadaye. Meno yake yangeng'olewa, alisema, bila yeye kulipa kitu. Libérata alitia dole gumba kwenye karatasi.

Walikuja alasiri tatu. Walimkalisha kwenye kigoda mbele ya ukuta, wakammulika taa, wakamwambia afungue mdomo wote, apumue kwa nguvu kama anayepuliza makaa, ageuke polepole. Jack alikuwa akisema, "Muzuri, mama. Muzuri sana. Usifunike." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Siku ya tatu Libérata alijipaka mafuta usoni kabla hawajafika, akavaa kitenge cha kanisani, akafungua mdomo kabla ya kuombwa. Hilo hakumwambia mtu yeyote. Kila alipolikumbuka, masikio yalimwaka moto.

Filamu ilipotoka haikuwa na daktari. Ilikuwa na kijana wa suruali ya njano aitwaye Igor, mwalimu wa karate, aliyeruka kutoka kwenye paa moja hadi jingine akiwapiga mateke watu wenye nguo nyeusi. Na kila mara mtu alipolala usingizi kwenye filamu hiyo, uso wa Libérata ulitokea gizani, mdomo wazi, na chonge zimepakwa wekundu. Mnyonya Damu wa Ziwa, ndivyo walivyoiita.

Hata hivyo pengine ingepita. Jack aliitengeneza kwa Kiswahili cha Goma, na watu wengi wa upande huu hutaka filamu zao zifasiriwe kwa Kinyarwanda na msimulizi anayesema juu ya sauti za waigizaji. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Gad, mtu wa hapo hapo Gisenyi, anayependwa kwa utani wake. Msimulizi asiyechomeka la kwake hana wateja. Gad alipoufikia uso wa Libérata aliutambua, kwa kuwa alikuwa akinunua kwake. Akasema, "Huyu si mgeni, jamani. Ni Libérata wa Rubona. Asubuhi anauza sambaza, usiku anatafuta kitoweo chake." Mabanda ya video yaliangua kicheko. Akalirudia kila uso ulipotokea. Watu walihamishiana filamu hiyo kwenye simu mpaka Rugerero, mpaka Busasamana huko juu.

Huko Rugerero ndiko alikotoka Théogène, mchumba wa binti yake, Igihozo.

Familia ya Théogène ilikuwa imeshapanga siku ya kuja kuomba mke. Wiki mbili kabla, alikuja shangazi yake peke yake, na mkoba mweusi magotini. Alikunywa chai yote. Alipozungumza aliutazama mdomo wa Libérata, si macho yake.

"Sisi tunajua ni filme tu," alisema. "Hatuko washamba. Lakini harusi ni batu, mama. Batu bakikaa pale na kucheka muke wa mutoto wetu, tutafanya nini? Acha hii maneno iishe kwanza. Ikiisha, tutakuya."

Ilikuwa miezi mitano sasa.

Mchana wa siku hiyo aliyokosa wateja, Libérata alizimwaga sambaza zake kwenye jamvi nyuma ya nyumba zikauke, ingawa zilikuwa zimekwisha kulainika. Jack na Callixte walimkuta hapo, mikono ikinuka.

"Mama star," Jack alisema. Alivua miwani ya jua. "Unaona vile ulipendwa? Tunafanya sehemu ya pili. Na mara hii hauko mu giza tu. Uko unapigana. Igor anakupiga, nawe unamupiga."

"Daktari iko wapi?" Libérata aliuliza, kiganja mdomoni.

"Daktari gani?"

Alimtazama Callixte. Callixte alikuwa akikagua paa la nyumba, kana kwamba amekuja kwa ajili ya hilo.

"Ile ya meno. Mulisema."

"Aa, hapana, mama," Jack alisema haraka, na hofu yake ilikuwa ya kweli. "Usiyaguse. Bon, hata ukipata daktari leo, usiyaguse. Bila ile meno hakuna filme."

"Mi sitaki tena."

"Libérata," Callixte alisema, bila kushusha macho kutoka kwenye paa. "Ulitia dole gumba. Karatasi ninayo. Imeandikwa kwamba utashiriki katika kazi hiyo na mwendelezo wake."

"Sikujua kusoma yote."

"Nilikusomea mwenyewe." Sasa alimtazama. "Na kuna jambo jingine, nalisema kwa wema. Orodha ya wauzaji wa samaki pale mwaloni inapangwa upya wiki hii. Ni mimi ninayetoa majina ya wakazi wenye ushirikiano. Sipendi kuona jina lako linasahaulika."

"Hata sasa hakuna mutu ananunua kwangu."

"Basi fikiria ukiwa huna hata pa kukaa usinunuliwe."

Jack alicheka kidogo, akaacha. Wakampa mpaka kesho.

Igihozo alirudi jioni kutoka hotelini alikokuwa mhudumu, akavua viatu mlangoni, akasikiliza yote akiwa amesimama. Alikuwa na meno madogo yaliyopangika, ya baba yake. Libérata alimshukuru Mungu kwa meno hayo kila siku.

"Hotelini leo mugeni mumoja aliomba nimuonyeshe mama yangu mu simu, ile filme," Igihozo alisema. "Mpishi alimwambia. Banacheka tu, si kwa ubaya."

"Ulimuonyesha?"

"Nilisema mama yangu alikufa."

Maji ya ugali yalikuwa yakichemka. Libérata aliyatazama.

"Samahani," Igihozo alisema.

"Haina neno."

Walikula. Igihozo alimega tonge, akalishika muda mrefu, na aliposema hakumtazama mama yake.

"Baambie bakuuwe, Mama. Mu ile sehemu ya pili. Igor akuuwe kabisa, batu bote baone umekufa. Nyonya-damu akisha kufa, filme imekwisha. Na shangazi ya Théogène aitwe, aone mwenyewe."

Libérata alilitafakari hilo. Lilikuwa jambo la ajabu kumsikia mwanao akikuombea kifo, lakini hakuona kosa ndani yake. Asubuhi alimwambia Jack sharti lake: afe. Jack alimshika mikono yote miwili.

"Mama, utakufa vile hakuna mutu amekufa ku Kivu hii yote," alisema. "Nakuapia."

Walichagua Jumamosi, mchana kweupe, kwenye mchanga mweusi kando ya ziwa, pale ambapo upepo ukigeuka huleta harufu ya shayiri kutoka kiwanda cha bia. Jack alihitaji umati wa wanakijiji wenye hasira, na hakupata taabu kuupata. Walikuja wale wale waliokuwa wakilikwepa beseni lake. Nyiramana alikuja amevaa vizuri. Waligawiwa vipande vya mgomba, kwa kuwa ni laini na kwenye picha huonekana kama magogo. Damu ilikuwa bitiruti iliyochemshwa na unga wa muhogo. Igor alifungwa kamba kiunoni, kamba ikapitishwa juu ya tawi la mkaratusi, na wanaume wanne wakaivuta ili aruke. Mara ya kwanza walimgonga kichwa kwenye tawi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Libérata naye alicheka, kiganja mdomoni.

Shangazi wa Théogène alisimama nyuma ya wote chini ya mwavuli, mkoba mweusi kwapani. Igihozo alisimama kando yake, akiwa na sare ya hoteli, kwa sababu aliomba ruhusa ya saa mbili tu.

"Sasa," Jack alisema.

Libérata alikimbia kama alivyofundishwa. Umati ulimfuata. Vipande vya mgomba vilimpiga mgongoni, vyepesi, vya baridi, vikimwachia majimaji. Kisha kimoja kilikuja ambacho hakikuwa chepesi, akahisi bega likifa ganzi. Aligeuka. Hakuweza kujua ni nani. Nyuso zote zilikuwa na hasira walizoombwa kuwa nazo, na hakuweza kusema ipi imezidisha. Igor alishuka angani na suruali yake ya njano, mguu ukapita mbele ya uso wake bila kumgusa, naye akaanguka chali. Kijiti kilichotiwa ncha kilisimamishwa kwapani mwake, kionekane kimemtoboa kifua. Bitiruti ikamwagwa.

Alifumba macho.

Kulikuwa kimya, na kulikuwa kuzuri. Mchanga ulikuwa na joto. Alisikia mawimbi madogo, na sauti ya mwanamke ikisema, "Basi, amekufa." Aliwaza kwamba shangazi amesikia. Aliwaza kuhusu viti, angeazima vya nani siku wageni wakija, na kwamba angekaa mstari wa mbele, mdomo umefungwa.

"Usizime camera," Jack alisema. "Muzuri sana. Sasa mama, fungua macho."

Alidhani anasemeshwa mwingine.

"Mama Libérata. Fungua macho, polepole. Halafu ucheke. Tunamalizia na hiyo."

"Nimekufa," alisema, midomo haijasogea.

Umati ulicheka.

"Njo vile, umekufa. Lakini nyonya-damu hakufi mara moja, mama. Donc sehemu ya tatu itatoka wapi?"

"Uliniapia utaniuwa."

"Si nimekuuwa? Batu bote bameona."

Aliendelea kufumba. Wale wanaume wanne walikuwa bado wameshika kamba, kwa maana aliisikia ikilalamika kwenye tawi. Mtu aliuliza kama soda zitatolewa sasa au baadaye. Halafu kivuli kilimfunika uso, na Callixte akasema karibu na sikio lake, kwa upole wa mtu anayemwamsha mgonjwa:

"Libérata, watu wamesimama juani kwa ajili yako. Nina orodha hapa mfukoni. Sijaipeleka bado."

Alihesabu pumzi zake. Ya tano ilipotoka alifungua macho.

Jua lilimchoma. Aliona bati jipya walilolishika kumrudishia mwanga usoni, na jicho jeusi la kamera, na juu ya vichwa vya watu aliona mwavuli ukifungwa. Shangazi wa Théogène aliukung'uta kana kwamba ulikuwa na mvua, akageuka, akaanza kupanda kuelekea barabarani kwenye mabasi madogo. Igihozo hakumfuata. Alikuwa ameinama, akiikunjua na kuikunja tena ncha ya sare yake.

"Cheka, mama," Jack alisema.

Mdomo ulifunguka. Na mkono wake, ule wa kulia, ukiwa na bitiruti mpaka kwenye kucha, ulipanda.

"Mukono, mama. Mukono inafunika."

Ulibaki pale pale.

"Igor, musaidie."

Igor alipiga magoti kando yake. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko kwenye filamu, na uvimbe ulikuwa umemtoka kwenye paji la uso pale tawi lilipomgonga.

"Pardon, mama," alinong'ona.

Akamshika kifundo cha mkono, kwa vidole viwili, kama mtu anayepima mapigo ya moyo, akaushusha mkono mpaka mchangani, nje ya picha, na akaushikilia hapo.