Memwari ya Nne

Kinanda chetu cha taa kilitoka Ubelgiji mwaka wa 1984, ndani ya sanduku lililonukia mbao mbichi. Vitabu vyake viliandikwa jeu d'orgue, Kifaransa cha mchezo wa kinanda, basi sisi wa ukumbi wa michezo ya kuigiza tulikiita kinanda, ingawa hakikutoa sauti yoyote. Kilikuwa kompyuta yenye vifungo. Ulipanga taa zako jukwaani, hii juu, hii nusu, hii izime kabisa, kisha ukafinya kifungo cha kuandika, na mwanga wote ukabaki ndani yake kwa namba. Kilishika memwari tisini na tisa.

Mimi ni mvivu mwenye akili, nasema bila haya. Wengine wangepanga mwanga upya kwa kila mchezo. Mimi nilisema asubuhi ni asubuhi, iwe kwa mfalme au kwa mpishi. Basi memwari ya kwanza ilikuwa asubuhi, ya pili jua kali, ya tatu taa ya chumbani, ya nne mlango ulioko nyuma ya jukwaa. Kila mchezo uliokuja uliita namba zilezile. Nilikuwa na daftari la kuandika kila namba ni nini, tarehe yake, na mwisho herufi yangu, F, kwa sababu jina langu ni Feruzi na nilipenda watu wajue kazi ni ya nani.

Mwenzangu alikuwa Adalbert. Kwenye karatasi za serikali alikuwa Kalenga, tangu majina ya ubatizo yalipokatazwa, lakini kule kwenye kibanda cha taa, juu ya viti vya nyuma kabisa, hakuna aliyekuja kusikiliza tunaitana nani. Mimi nilipanga na kuandika, yeye alifinya. Kidole chake kilikuwa na subira kuliko changu.

Mwezi wa tano, sikukuu ya chama ilipokaribia, tuliletewa picha ya Kiongozi yenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Ikatundikwa nyuma ya jukwaa, juu ya mlango. Nikaamriwa niipe mwanga wake. Memwari ya nne ilikuwa tayari inaelekea huko, basi nikapandisha taa mbili za juu, nikazima ile ya mlango, nikaandika palepale. Daftarini nikafuta neno mlango, nikaweka: picha, 18 Mei, F. Nilisema moyoni kwamba sikukuu ikiisha nitarudisha. Sikurudisha. Sikukuu ikaisha, picha ikabaki, maana hakuna aliyethubutu kupanda ngazi na kuishusha.

Wiki tatu baadaye, kundi moja la mtaa wa Kampemba lilirudi na mchezo wao wa kuchekesha, ule wa mwizi wa unga. Walitaka kujaribu kwanza na taa. Nikawacheka. Nikawaambia mwanga wenu uko ndani ya mashine tangu mwaka jana, nendeni mkanywe chai. Ndivyo nilivyosema, na bado nasikia sauti yangu ilivyojaa maringo.

Ilikuwa Jumapili saa kumi, ukumbi umejaa. Mama wa mchezo akasimama katikati, mikono kiunoni, akauliza watu: "Ni nani anakulaka bunga yetu?" Hapo taa zote huzima, halafu memwari ya nne, na mwizi anatokea mlangoni na gunia lake. Adalbert akafinya nne.

Picha ikawaka. Kofia ya chui, miwani, kidevu, vyote vizuri kabisa. Niliwahi kujisifu kwa mwanga ule. Chini yake mlangoni kulikuwa giza, na mwizi amesimama ndani yake hajui la kufanya.

Watu walicheka. Walicheka kwa muda wa pumzi mbili hivi, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na nikaona vichwa vikigeuka kuelekea safu ya mbele, walipokaa mabwana watatu wa chama wenye abakosti, zile suti zisizo na tai.

Adalbert alizima haraka. Akainama juu ya daftari, akafungua, nikasikia karatasi. Nilijua anachosoma. Nilisimama mkono mmoja kutoka kwake, na mwili wote ukafa ganzi, kuanzia midomo. Viatu vikapanda ngazi. Mabwana wawili wakaingia.

"Nani alifinya?"

"Ni miye," akasema Adalbert.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu. Kidole yangu ilikosea."

Yule mkubwa akanitazama, akaniita raia kwa Kifaransa cha chama. "Na weye, citoyen?"

Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na sentensi nzima. Nilitazama termosi ya chai. Adalbert akajibu kwa niaba yangu: "Huyu anapangaka tu bintu asubuhi. Hakufinya kitu." Wakashuka naye. Koti lake likabaki kwenye kiti.

Kesho yake nilifungua daftari. Ukurasa wa kwanza haukuwepo. Nikajua wameuchukua, na mwandiko wangu uko mezani kwao, na ni suala la siku tu. Nikaanza kulala na viatu karibu na mlango. Habiba, mke wangu, aliuliza kuna nini. Nikasema miguu inapata baridi. Nilikula alichopika bila kujua ni nini. Watoto wetu wanne walipigana, wakapatana, nikawatazama kama watu wa upande wa pili wa kioo. Sikuogopa hata. Ningefurahi kama ningeogopa.

Mado, mke wa Adalbert, alikuja kuchukua koti. Alilikunja kwenye mapaja, akaniuliza kwa heshima ya kaka mkubwa: "Yaya Feruzi, ilifika nini kabisa?"

"Mashine," nikasema. "Mashine njo ilikosea."

Alinishukuru. Moyoni sikusikia kitu, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kuliko hata kunyamaza.

Siku zikapita, hakuna aliyekuja kunichukua. Mwezi wa nane, mchana, Adalbert akapanda ngazi mwenyewe, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache. Alikuwa amekonda. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Akakaa kwenye kiti chake, nikamimina chai, nikauliza ukurasa ule uliishia wapi.

"Nilimeza," akasema. "Wakati banapanda ngazi. Wino yako iko buchungu, ndugu yangu."

"Juu ya nini?" nikataka kujua sababu.

"Mi na Mado tuko babili tu. Weye uko na batoto bane." Akapuliza chai. "Memwari ya ine, uliirudisha ku mulango?"

"Bado."

Kuigusa kungekuwa kukiri kwamba najua ilikoharibikia. Kwa miezi miwili niliwaambia makundi yote kwamba mlango hauna taa.

Alinitazama sana. "Sasa miye nilikaa kule ndani juu ya nini?"

Alinyoosha mkono kwenye kinanda, akashusha zile taa mbili moja baada ya nyingine, akapandisha ya mlango, mpaka picha ikaingia gizani na mlango ukabaki peke yake, kama zamani. Akajaribu kifungo cha kuandika. Kidole kikateleza pembeni.

"Finya weye," akasema. Nikafinya.

Akanisogezea daftari na kalamu. Nikaandika: nne, mlango, 11 Agosti. Halafu F.

"Jina yote," akasema Adalbert.

Nikaanza kuliandika, na katikati yake woga ule niliokuwa nimeukosa ukanifika, kalamu ikavuta karatasi pembeni. Adalbert alishika ukurasa usisogee mpaka nikamaliza.