Kijito Kimekula

Kule Tochizawa, kijiji cha mlimani, theluji ikianza kuyeyuka, watu hawajuliani hali kama kawaida. Wanaulizana, "Kijito kimekula?" Na hakuna anayefungua lango la mfereji unaomletea maji ya kijito mpaka jibu liwe ndiyo.

Mlima hujifanya umelala majira yote ya baridi, kumbe sivyo. Chini ya theluji majani yaliyoanguka yanaoza polepole na kutoa chakula, wala hakuna mti ulio macho wa kukila. Theluji yenyewe nayo imekusanya moshi na uchafu wa angani tangu ilipoanza kuanguka. Maji ya kwanza kuyeyuka huvibeba vyote kwa mkupuo. Kwa macho ni maji safi kabisa, lakini ni makali, huweza kuua samaki, kwa hiyo huachwa yapite. Baadaye jua likikolea, mawe ya kijitoni huota ukoga wa kijani, na ukoga huo hula kilichoteremshwa na mlima. Hapo ndipo mtu huvua buti na kukanyaga jiwe. Akiteleza, kijito kimekula.

Katika nyumba ya akina Igarashi, aliyekuwa akikanyaga ni Yasuji. Alifariki katika majira ya kupukutika majani, akamwachia mkewe, Kinue, kibanda cha kulelea samaki na mahodhi mawili ya vifaranga vya iwana, samaki wa madoadoa wa maji baridi. Havikuwa vya kuuza. Poromoko la ardhi lilikuwa limefukia mazalio yote ya huko juu, na vifaranga hivyo vilitokana na mayai ambayo Yasuji aliyaokoa kabla ya kulazwa hospitalini. Samaki wote waliobaki wa kijito kile walikuwa ndani ya mahodhi yale. Wakifa, ndio mwisho wao.

Mwaka huo theluji ilianguka nyingi, lakini baridi haikuuma. Kijito hakikuganda hata mara moja. Watu walifurahi kwa ajili ya magoti yao, na Kinue naye alifurahi, kwa sababu njia ya kwenda kibandani haikuwa na utelezi. Tatizo lilikuwa chemchemi iliyolisha mahodhi. Tangu lile poromoko haikuwa sawa, na sasa ilidondoka tu. Vifaranga vilianza kupanda juu kutweta. Kisha mvua ya vuguvugu ikainyeshea theluji, na kijito kikaanza kunguruma mapema kuliko mtu yeyote alivyokumbuka. Kinue aliusikia mngurumo ule akiwa anakoroga supu, akaogopa bila kujua anaogopa nini.

Asubuhi aliteremka na wifi yake Masano, dada mkubwa wa marehemu, bibi wa fimbo na mdomo usiojua kustaafu. Kinue alivua buti, akakanyaga jiwe. Mguu ukamtoka, nusura akae majini.

"Kimekula hicho," Masano alisema. "Fungua."

"Mapema mno, wifi. Miti haijafumbua hata jicho."

"Kwani inayokula ni miti? Umeteleza, hukuteleza?"

"Nimeteleza. Lakini ukoga wenyewe wa kahawia. Mzito, kama wa zamani."

"Haya makubwa. Mdogo wangu hakukagua rangi ya utelezi hata siku moja. Alianguka, akarudi nyumbani matako yamelowa, lango likafunguliwa. Wewe mwenzetu unataka kijito kikupigie simu?"

Kinue alicheka, na akicheka akamkumbuka mumewe. Akafikiria vile vinywa vidogo vikitweta kule kibandani. Aliujua ukoga wa masika, wa majira ya miti kuchipua, mwembamba, wa kijani, na huu haukuwa huo. Hata hivyo alikwenda kufungua lango.

Maji yaliingia kwa kishindo. Vifaranga viligeuka vyote, vikajipanga kuukabili mkondo, na Kinue akafurahi kupita kiasi. Alipanda nyumbani, akaweka kibakuli cha wali mbele ya picha ya Yasuji na kumwambia kwamba wamepona.

Aliporudi, vilikuwa vimebanana kwenye wavu wa kutokea maji, vimeupa mkondo mgongo, vinywa wazi. Alikimbilia lango akalifunga. Alichota kwa ndoo maji machache yaliyokusanyika chini ya chemchemi mpaka mikono ikafa ganzi, Masano naye akichota kwa sufuria na kuomba kwa sauti ya chini. Kufikia jioni sakafu ya mahodhi ilikuwa nyeupe kwa matumbo ya vifaranga vilivyokufa.

Kinue alikaa ukingoni. Ndipo lilipomjia.

"Wifi, mwaka huu uliona barafu kijitoni?"

Masano aliweka sufuria chini. Kila mwaka barafu husuguana na mawe ikayakwangua yakabaki matupu, ndiyo maana ukoga wa masika huwa mpya siku zote. Safari hii hakuna kilichoyakwangua. Kinue aliteleza kwenye ukoga wa mwaka uliopita, ukoga uleule ambao Yasuji aliukanyaga alipokuwa hai.

"Mimi ndiye niliyekwambia ufungue," Masano alisema hatimaye.

"Mguu ulikuwa wangu."

Samaki wanaofia mahodhini hurudishwa kijitoni, ndiyo desturi. Walivibeba vifaranga kwa ndoo na kuvimwaga juu, penye mawe mengi. Maji yalivichukua, vingine vikanasa katikati ya mawe.

Masika yalipofika kweli na miti kuamka, mawe ya Tochizawa yaliota kijani ambacho hakuna aliyewahi kukiona, kinene, kinachong'aa. Wadudu walijaa juu ya maji kama moshi. Kinue alisimama kijitoni miguu mitupu, akiteleza na kujishika. Jirani aliyekuwa akipita darajani aliinama akauliza kama ilivyo ada, "Dada Kinue, kijito kimekula?"

Kinue alitazama wadudu wakianguka majini na kuchukuliwa na mkondo, mmoja baada ya mwingine. Hakuna kinywa kilichopanda kuwafuata.

"Kimekula," alisema, akatoka majini kutafuta buti zake.