Ukurasa Mtupu wa Kiambatisho C

Jumatatu saa tatu asubuhi Yayeri alifuta meza yake, akaweka chai mkono wa kushoto na mkataba mkono wa kulia, akaanza kusoma. Kazi yake katika chuo kikuu kimoja cha Kasese ilikuwa kukagua mikataba ya utafiti unaofadhiliwa na watu wa nje, na aliifanya kwa ukali. Mfadhili akituma rasimu, Yayeri aliirudisha imejaa wino mwekundu. Ikija tena, aliirudisha tena, mara tatu, mara nne, hadi wanasheria wa ng'ambo wakaanza kumwandikia kwa heshima.

Mkataba wa siku hiyo ulikuwa wa Night.

Night na Yayeri walilala chumba kimoja miaka mitatu walipokuwa wanafunzi. Aliyeongoza darasa ni Yayeri. Night alinakili madaftari yake. Sasa Night alikuwa daktari wa mimea, alisikika redioni, na kila akitoka safari aligawa chokoleti ofisini, kila mtu kipande, Yayeri naye kipande, kama mtoto mdogo. Tuseme wazi: Yayeri alimwonea wivu. Si ule wivu wa kutazama viatu vya mtu na kuguna. Huu alilala nao na kuamka nao.

Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka Night achunguze jani chungu linaloota kwenye nyua za Bwera na kupanda hadi Bwesumbu. Ukilitandika ndani ya gunia la maharagwe, fukusi hawaingii mwaka mzima. Kifungu cha kumi na moja kilisema jani hilo, na kila kinachojulikana kulihusu, ni mali ya mfadhili. Cha kumi na mbili kilisema Night asilizungumzie popote bila idhini. Yayeri alikisoma hicho mara mbili, roho ikamtulia, akakiacha kama kilivyo.

Mwishoni kulikuwa na Kiambatisho C. Hapo huandikwa mambo yaliyojulikana kabla ya utafiti, pamoja na majina ya wanaoyajua, ili yabaki kuwa yao. Ukurasa huo ukiachwa mtupu, inahesabiwa kwamba hapakuwa na mtu aliyejua kitu. Wajibu wa kuujaza ni wa mtafiti, lakini chuo kizima kilijua kuwa anayeujaza ni Yayeri. Hupiga simu vijijini, huuliza, huandika. Safari hii alijiambia kwamba daktari ana mikono yake mwenyewe. Akapiga muhuri.

Alhamisi mkataba ulitiwa saini. Zedekia, mkurugenzi wa utafiti, alikuja mwenyewe hadi mlangoni.

"Madam, siku nne! Hii ni rekodi. Na ile ingine yote ufanye hivi hivi."

Ijumaa ilikuwa siku ya soko Bwera. Marie-Louise, mfanyabiashara wa maharagwe aliyevuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, miaka mingi iliyopita, alitandika majani ndani ya gunia kama kawaida. Jani la kwanza likatoka. Akalirudisha, likatoka tena. Kisha yakatoka yote, yakajipanga mstari hewani kwa kimo cha goti na kushika barabara ya Kasese. Ya magunia mengine yakafuata. Waendesha bodaboda walisimama kuyapisha. Kwenye kizuizi cha barabarani cha Kikorongo askari aliyaamuru yasimame, yakasimama, akayakagua, hakuona silaha, akasema, "Haya, songa!" Saa nane mchana yalifika chuoni na kuingia stoo, yakajipanga ndani ya masanduku yenye nembo ya mfadhili. Semu, mlinzi wa geti, aliandika katika kitabu cha wageni: majani, kutoka Bwera, kuonana na Dokta Night.

Mfadhili alifurahi sana. Hakuwahi kupata mtafiti ambaye sampuli zake hujileta zenyewe. Ndani ya saa moja alimtumia Night idhini ya kusema popote apendapo, na tiketi ya ndege.

"Dada, wewe ndiye umenifungulia njia," Night alimwambia Yayeri, akamkumbatia. Alinukia vizuri. Wivu wa Yayeri ukaongezeka, hasa kwa ajili ya ile harufu.

Tangu hapo majani yaliondoka kila siku, mapya yakichipua nayo yakaondoka. Mwezi wa pili tangu saini, Marie-Louise alikuja ofisini kwa Yayeri akaketi kwenye benchi la koridoni, akafungua kitambaa. Maharagwe yalikuwa matundu matupu, mengine yakitoa unga.

"Miye njo nilionyesha Night ile majani," alisema. "Ku parsele yangu, nyuma ya nyumba. Miye, mama yangu alinionyesha ku Butembo. Sasa inakatala kubakia. Batu banasema iko mali ya bazungu."

"Ndiyo, mama. Mkataba unasema hivyo."

"Haiwezi kurudia ku parsele?"

Yayeri alimweleza kwamba mkataba haubadilishwi mpaka pande zote mbili zikubali. Alikuwa ameshamwandikia mfadhili kuomba ukurasa ujazwe. Mfadhili alijibu kwa adabu kwamba amekisoma Kiambatisho C na ameridhika nacho.

Marie-Louise alikunja kitambaa chake polepole.

"Ile makaratasi, nani aliisoma mbele ya kuweka saini?"

"Mimi, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Na haukukuwa na numero yangu ya simu?"

Alikuwa nayo. Night aliibana kwa pini juu ya rasimu, na jina kamili, na maneno: huyu ndiye mwalimu wangu, Yaye, tafadhali mwandike.

"Nilikuwa nayo," alisema Yayeri.

Alitaka kuongeza kwamba ukurasa aliuacha mtupu ili kumkomoa Night, kwamba yeye, mama, hakukusudiwa kabisa. Lakini aliona haya.

Majani ya siku hiyo yaliingia koridoni, yakipita mbele ya benchi kuelekea stoo. Marie-Louise aliyatambua kuwa ni ya uani kwake. Akainua miguu, akayapisha.