Aliyemwandikia Pitchou

Mpe Pitchou wavu, na kambi nzima ya Chisenga hamna wa kumfikia. Mwambie aseme neno la mapenzi, utamhurumia. Tangu waoane, ujumbe wake kwa Pierrette, mkewe aliyebaki Nchelenge na mtoto wao Taonga na wadogo zake, ulikuwa huo huo: "Samaki iko. Chunga batoto."

Ndipo Barthélemy, mvuvi mwenzake, akamwekea kwenye simu programu mbili za akili bandia, zinazomwandikia mtu yale yanayomshinda. Wakazijaribu huku wakianika dagaa. Ya kwanza iliandika kama karani: "Nakutaarifu kwamba ninakupenda." Ya pili ikasema moyo wake ni nyumba, na ufunguo anao Pierrette peke yake.

"Mon cher, hii njo inajua banamuke," Barthélemy akacheka. Pitchou akaichagua hiyo ya pili.

Jibu lilikuja mbio. "Papa Taonga, nimelia. Andika tena."

Mwanzoni alifurahi. Kisha furaha ikageuka shubiri. Pierrette hakuwahi kumlilia yeye hata mara moja. Leo analia kwa ajili ya nani? Wivu ukampanda, tena wivu wa kijinga, wa kuionea mashine isiyo na hata ndevu. Akaifuta, akarudi kwa yule karani.

"Uko mugonjwa?" Pierrette akauliza. "Maneno yako imekuwa baridi."

Basi akairudisha, huku akiilaani. Kila neno tamu alilotuma, aliona kama anamfungulia mwanamume mwingine mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Desemba ziwa likafungwa ili samaki wazae, na wavuvi wote wakarudi makwao. Pitchou alifika na samaki mnono aliyemchagua kwa mikono yake. Pierrette alikuwa amesuka, amevaa kitenge kipya. Alimwandalia bukari, ugali wa kwao, akakaa mbele yake macho yakimng'aa, akangoja.

Pitchou alifungua mdomo.

"Samaki iko," akasema.

"Iko," Pierrette akajibu.

Wakala. Baada ya kunawa, Pierrette alichukua simu yake, akasoma kitu, akatabasamu. Pitchou hakuhitaji kuambiwa anasoma nini; alitamani kuitupa simu ile ziwani. Mkewe akainua macho, akamuuliza kwa upole, bila hasira hata kidogo:

"Papa Taonga, ziwa batafungula lini?"