Msamaha wa Jogoo Mwekundu

Anjelina wa Chilangala alikuwa na mtani wake, Twahiru, mtoto wa mjomba. Watani hao walianza kutaniana wakiwa bado wanachunga mbuzi, na uzee haujawapoza. Twahiru humwita Anjelina mke wangu. Anjelina humwita Twahiru hasara ya ukoo. Halafu lipo suala la jogoo. Twahiru alikuwa na jogoo mwekundu, mzuri kweli, akapotea wiki ya Pasaka. Tangu hapo, wakikutana popote, iwe msibani, iwe kwenye mnada wa korosho, lazima jogoo aulizwe.

"Aliliwa na kicheche," Anjelina husema.

"Huyo kicheche anavaa gauni na anakwenda kanisani," Twahiru hujibu.

Watu wamezoea. Siku wasipotukanana, majirani huuliza nani anaumwa.

Basi mwaka huu, korosho zikiwa ndiyo zinaanza kudondoka, akapatikana wa kuumwa. Anjelina alishikwa na tumbo. Akasema ni chango, akanywa mizizi, akanywa tangawizi, akalalia ubavu huu na ule. Binti yake Emilia, mwalimu kule Masasi, alipofika alimkuta amejikunja kama jongoo. Wakamteremsha kutoka mlimani hadi hospitali ya bondeni. Daktari akasema kidole tumbo kimepasuka na usaha umeenea tumboni. Wakampasua, wakamsafisha, wakamshona, wakamwachia mpira mwembamba ubavuni wa kutolea uchafu uliobaki.

Twahiru alifika kesho yake akiwa na kanzu ya Ijumaa. Hata pole hakusema. Alisimama mlangoni mwa wodi akapaza sauti.

"Bibi nesi! Mlipompasua huyu mke wangu, jogoo wangu mlimkuta? Ni mwekundu. Kama bado anawika, nirudishieni."

Anjelina alijua hatakiwi kucheka. Alikibana kicheko kwenye meno, kikatokea puani. Tumbo likaruka, nyuzi mbili zikakatika, na bibi wa watu akarudishwa chumba cha upasuaji kushonwa upya.

Huku nyuma, Nesi Julia aliwatoa Twahiru na Emilia hadi kwenye korido. Mwanamke mfupi, mzaliwa wa Lukuledi, akikutazama unakumbuka madhambi yako yote.

"Mzee, unataka huyu mama apone au afe?"

"Apone, mwanangu. Akifa, jogoo wangu nitamdai nani?"

"Umeona? Hata hapa hushikiki! Sasa sikia. Kidonda kikifumuka tena, usaha unarudi, na safari hiyo sijui. Mpaka nyuzi zitolewe, sitaki kicheko wodini mwangu. Ukiingia mle, ingia kama padri."

"Mimi Mwislamu."

"Basi ingia kama shehe."

Maneno hayo yalisemwa Anjelina akiwa bado amelewa dawa ya usingizi. Alipozinduka, hakuna aliyekumbuka kumweleza kwamba Twahiru amekatazwa utani. Kila mmoja alidhani mwenzake amemweleza. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Twahiru aliporudi tena kumwona, Anjelina alikuwa ameshaanza kunywa uji, na alikuwa na hamu naye. Siku nzima alikuwa akimpangia matusi. Twahiru akaingia kwa kunyata, akaketi ukingoni mwa benchi, mikono juu ya magoti.

"Dada Anjelina," akasema. "Pole sana."

Dada? Anjelina alimtazama vizuri, asije akawa ni mtu mwingine. Ni yeye. Kidevu kile kile.

"Kumbe ni wewe," akamwanza. "Nilivyoiona hiyo kanzu nikadhani chandarua kimeanguka dirishani."

Shingo ya Twahiru ilivimba. Akameza mate kama anayemeza kidonge bila maji.

"Ni kweli, dada. Imechakaa."

"Na meno? Mbona naona yamebaki ya kuwekea alama tu?"

"Ndiyo hivyo, dada. Tunamshukuru Mungu."

Anjelina akamgeukia Emilia. Emilia akaangalia dari. Twahiru akatafuta neno zuri la kumfariji mgonjwa. Akaliona moja.

"Halafu, dada, yule jogoo. Nimekusamehe. Usibaki na kitu moyoni."

Kisha akaaga kwa heshima zote, akatoka nje kupunga upepo.

Anjelina akayarudia maneno hayo moyoni. Jogoo amesamehewa! Mtani gani humsamehe mtu atakayepona na kurudi nyumbani? Kumbe wameshaambiwa. Usaha umefika moyoni na yeye mwenyewe amefichwa. Sasa akaelewa kwa nini mgonjwa wa kitanda cha pili, Josephina, alimpa chungwa zima asubuhi, na Josephina huyo si mtu wa kutoa chungwa zima. Akaelewa na kwa nini Emilia anatazama dari.

"Emilia. Niletee kanga zangu."

"Za nini, mama?"

"Tunapanda Chilangala. Sifii kwenye kitanda cha serikali wala cha misheni. Nafia kwangu, kwenye kitanda cha kamba nilizozisuka mwenyewe."

"Mama! Nani kasema unakufa?"

"Sufuria kubwa ni yako. Mikorosho ya nyuma ya nyumba ni ya mdogo wako Benedikto, lakini mwambie akiikata kuchoma mkaa nitamrudia. Kinu mpe mke wake, ajifunze kutwanga." Alikuwa ameshateremsha mguu mmoja sakafuni, na mkono umeshika ule mpira wa ubavuni. "Hiki kidude nakichomoa. Sitaki kuzikwa nacho."

Emilia alipiga ukelele, Nesi Julia akaja mbio.

"Shikamoo, Mama Emilia. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Nakwenda kufa kwetu."

"Kufa? Homa imeshuka, uchafu unakaribia kwisha, uji unamaliza na kulamba kikombe. Ukichomoa mpira huo leo ndiyo utakufa kweli."

"Mwanangu, wewe kazi yako ni kunituliza, na unaifanya vizuri. Ila Twahiru hajui kudanganya. Amenisamehe jogoo."

Julia, aliyekuwa ameshika mkono wa mgonjwa, akaganda.

"Amekusamehe?"

"Mbele ya huyu mwanangu. Na ameniita dada."

Julia naye ana binamu anaotaniana nao huko Lukuledi. Alijua hata daktari mkuu aje na picha za eksirei, huyu bibi hatamwamini. Akamrudisha mguu kitandani, akachukua mto, akamwekea juu ya tumbo.

"Ukumbatie. Ubane kwa nguvu." Kisha akaenda dirishani. "Mzee Twahiru! Njoo huku ndani. Mtanie mtu wako."

Twahiru akaingia huku akiogopa mtego.

"Si ulinikataza?"

"Nimekuruhusu. Lakini kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko cha chai."

Twahiru alivuta pumzi kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

"Wewe kikongwe," akasema, "ule msamaha nimeufuta. Nimeulizia huko nje, wanasema watu wa kidole tumbo huishi mpaka wanachosha ukoo. Jogoo wangu namtaka, pamoja na vifaranga wote ambao angekuwa ameshawazaa."

Anjelina akaubana mto. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo, kama kwikwi, na machozi yakateremka mpaka masikioni.

"Kicheche," akasema. "Aliliwa na kicheche."

"Kicheche ambaye..."

"Kijiko kimejaa!" Julia akapiga makofi. Akainama kutazama bandeji. Kavu. Nyuzi zote zipo.

Emilia akakunja kanga, akaziweka chini ya kitanda. Lakini Anjelina hakuwa amemaliza. Alikuwa bado na chembe ya wasiwasi, na akataka kuitoa.

"Twahiru. Siku zote unaniahidi kwamba nikifa utavaa gauni langu, uniigize ninavyotembea, mpaka makaburini. Ahadi ipo?"

"Ipo. Mwendo wako naufanyia mazoezi."

"Nionyeshe. Siku hiyo sitaona."

Wote wakamtazama Nesi Julia. Nesi Julia akatazama mlango, kama daktari haji.

"Mara moja tu. Na wewe usiuachie huo mto."

Twahiru akajifunga kanga moja ya Anjelina juu ya kanzu, akashika stendi ya dripu ikawa mkongojo. Akapita katikati ya wodi akichechemea, kiuno kikienda upande wake na mabega upande wao, akiguna "mh, mh" kila hatua. Josephina aling'ata shuka. Anjelina tu ndiye hakucheka. Alimfuata kwa jicho, kama mwalimu anayesimamia mtihani.

"Mpumbavu wewe," akasema. "Mguu wangu mbovu ni wa kushoto. Rudi mlangoni uanze upya. Kwa kichwa kigumu hicho, itabidi niishi miaka mingi."

Twahiru akarudi mlangoni, akabadilisha mguu.