Kabaila Mbele ya Kipaza Sauti

Redio ilipoahidi kuja Runazi kurekodi sherehe ya kuwatuza wakulima bora, kamati ya kijiji ilikaa kutafuta mtu wa kuongoza sherehe hiyo.

"Luhende," alisema Mama Bonifasia, mwenyekiti. "Nani mwingine anaweza kuchekesha watu?"

Luhende ndiye aliyekuwa kabaila katika maigizo ya kijiji. Alifunga mto tumboni, akawapora wakulima mihogo, na watu wakavunjika mbavu. Tabu ni kwamba walimcheka hata bila mto. Alipomzika baba yake, alisimama kutoa shukrani, waombolezaji wakaangua kicheko.

Katibu Telesfori, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, hakuafiki. "Mzaha upitishwe na kikao kwanza."

Luhende akaitwa, akatoa mzaha wa mbuzi aliyejiandikisha elimu ya watu wazima. Mjumbe mmoja akataka mbuzi awe ng'ombe. Mwingine akauliza ng'ombe huyo ni wa kijiji au wa mtu binafsi. Kufikia jioni ng'ombe alikuwa mwanachama wa ushirika, na mzaha haukuwa na kichekesho hata kimoja. Ukapitishwa kwa kauli moja.

Luhende hakujali. Moyoni alikuwa na jambo lake: mara hii angesema maneno ya maana, bila mto, na watu wangemsikiliza.

Siku ilipofika, akavaa shati alilonyooshewa na mkewe, Kwandu, akakisogelea kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, vita vya mpakani vimekwisha. Tulitoa ng'ombe wa kulisha jeshi, tulitoa vijana wetu..."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Sitanii, jamani!"

Wakazidi. Luhende akaona heri atangaze washindi. "Mihogo: Mzee Ndassa! Shikamoo, mzee. Njoo uchukue baiskeli yako."

"Marahaba. Kaa nayo," Ndassa akajibu bila kuinuka. "Juzi kwenye maigizo ulininyang'anya mihogo, leo unipe baiskeli? Sidanganyiki mimi."

Mshindi wa maharage naye akagoma. Machozi yakamlengalenga Luhende. Watu wakampigia makofi kwa ustadi wa kulia.

Telesfori, aliyevaa suti, akashindwa kuvumilia. Akanyakua kipaza sauti. "Kimya! Hakuna cha kuchekesha hapa!" Akageuka kwa ghadhabu, akajikwaa kwenye baiskeli, akaanguka nayo. "Mimi katibu wenu..." Kengele ya baiskeli ikalia. "Nasema, mimi katibu..." Ikalia tena.

Luhende akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

Ndassa akamkazia macho. "Kumbe huwa unacheka? Kabaila wako hacheki kamwe. Basi leo huigizi." Akainuka, akaivuta baiskeli kutoka miguuni mwa katibu, akaondoka nayo. Mtu wa redio akauliza jina la yule mchekeshaji mwenye suti.

Wakirudi nyumbani, Kwandu alimwuliza mumewe, "Ile hotuba yako ilikuwa inaendeleaje?"

Luhende akamweleza yote, na kuhusu vijana ambao hawakurudi. Kwandu alisikiliza bila kucheka hadi mlangoni, kisha akasema ilikuwa ndefu mno.